Uzoefu Wangu: Nilivyonunua Chapa ya Marilyn Mnadani Mara Mbili

Kwa zaidi ya mwaka mmoja nimekuwa nikinunua chapa za skrini, yaani picha za sanaa zinazochapwa kwa kupitisha wino kwenye kitambaa, kupitia minada ya mtandaoni hapa London, na nimeona niandike kwa kirefu kuhusu huduma ya kampuni mbili zilizoniuzia, kwa nyakati tofauti, chapa ya sura ya Marilyn Monroe, mwigizaji wa filamu wa Marekani. Sitazitaja majina. Kinachonishughulisha ni jambo ambalo kampuni ya kwanza ililipuuza na ya pili ikalifanya kwa uangalifu, nalo ni historia ya umiliki: karatasi imetoka kwa nani, ikapita mikononi mwa nani, na ushahidi wa kila hatua uko wapi.

Nilijifunza kuchapa kwa skrini kabla sijajua kwamba kazi za namna hiyo hutundikwa kwenye makumbusho. Katika karakana ya kuchapa fulana, Dar es Salaam, nilikuwa nikishikilia fremu ya mbao iliyowambwa kitambaa chembamba huku fundi akivuta wino kwa kipande cha mpira, rangi moja baada ya nyingine, na fulana ikisogea mezani hata kidogo, rangi ya pili ilikuwa ikitua nje ya mstari wake. Nilipomwona Marilyn wa msanii wa Marekani Andy Warhol kwa mara ya kwanza, wekundu wa mdomo ukiwa umevuka ukingo na rangi ya kope ikiwa imepanda hadi karibu na nyusi, niliitambua kazi hiyo papo hapo. Tangu siku hiyo nilitamani kuwa na moja ukutani kwangu.

Chapa anazozitaka kila mkusanyaji ni zile za mwaka 1967. Warhol alizitoa New York kupitia kampuni yake ya uchapishaji, Factory Additions: picha 10 za sura ileile kwa rangi tofauti, kila karatasi ikiwa mraba wa sentimita 91.4, katika toleo la nakala 250, pamoja na nakala 26 za majaribio za msanii zilizotiwa herufi A hadi Z. Saini ya penseli na namba iliyogongwa kwa muhuri wa mpira viko upande wa nyuma, na hili ndilo jambo ambalo mnunuzi mgeni hulisahau, kwa kuwa macho yote huwa kwenye uso wa Marilyn. Makumbusho ya sanaa ya Tate wanazo zote 10, na bei ya moja mnadani iko mbali sana na mfuko wa mtu wa kipato changu.

Mwaka 1970 zikatokea nyingine. Wachapishaji kutoka Ubelgiji, waliotumia jina la Sunday B. Morning, walichapa sura hiyohiyo, na nyuma wakagonga mihuri miwili ya Kiingereza: mmoja unasema zimechapishwa na Sunday B. Morning, wa pili unamwambia mwenye karatasi ajaze saini yake mwenyewe. Inasimuliwa kwamba Warhol, alipoletewa baadhi yake, aliandika juu yake kuwa si kazi yake kisha akaweka saini. Wachapishaji hao waliendelea kutoa nakala nyingine miaka ya baadaye, na wafanyabiashara wa chapa huzitenganisha kwa wino wa mihuri: nyeusi kwa zile za mwanzo, buluu kwa zilizofuata. Kwa mbele huwezi kuziona tofauti kwenye picha ya simu. Kwa nyuma, rangi ya muhuri pekee hubadilisha bei mara kadhaa.

Sasa nirudi kwenye huduma niliyoipata. Kampuni ya kwanza iliandika kwenye orodha yake “Andy Warhol, Marilyn, 1970”, na chini ya kichwa cha historia ya umiliki ikaweka maneno manne tu: mkusanyiko wa mtu binafsi. Niliomba picha ya upande wa nyuma siku sita kabla ya mnada. Jibu lilikuja siku ya nne, nalo lilikuwa picha ileile ya mbele ikiwa imekuzwa. Nilipaswa kuachana nayo hapohapo. Niliendelea kwa sababu makadirio ya bei yalikuwa ndani ya uwezo wangu, na nyundo ilipogongwa nikawa nimeshinda kwa pauni 420. Ada ya mnunuzi ya asilimia 25 iliongeza pauni 105, na kodi ya asilimia 20 juu ya ada hiyo pauni 21, hivyo jumla ikawa pauni 546 kabla ya usafirishaji. Anayetaka kushiriki mnada ni vema apige hesabu hiyo mapema, kwa sababu dalali anapotaja bei hataji ada.

Bomba la karatasi lilipofika nililiacha usiku mzima sebuleni ili karatasi izoee joto la nyumba, kisha asubuhi nikaikunjua juu ya shuka safi na kuigeuza. Mihuri yote miwili ilikuwa ya buluu. Karatasi ilikuwa nzuri na wino ulikuwa umekaa vizuri, na kwa bei ya chapa ya muhuri wa buluu nisingelalamika hata kidogo. Lakini orodha ilisema 1970. Nilituma picha na barua, nikanukuu masharti yao wenyewe kuhusu maelezo yasiyo sahihi, na baada ya siku 19 na barua pepe tano walifuta mauzo na kunirudishia fedha, isipokuwa gharama ya usafirishaji. Kwa kunirudishia fedha nawashukuru, ila sikuridhika, kwa sababu katika barua zote tano hakuna aliyenijibu swali langu la msingi: ni nani aliyewaambia kuwa ni ya 1970?

Swali hilo lina uzito zaidi siku hizi. Hadi mwaka 2012 kulikuwa na bodi ya kuthibitisha kazi za Warhol, iliyoanzishwa mwaka 1995, ambayo kazi ikikataliwa ilikuwa ikigongwa muhuri wa kukataliwa nyuma yake. Bodi hiyo ilifungwa baada ya kesi za gharama kubwa. Kwa hiyo leo mnunuzi hana mlango wa kubisha ili apewe jibu la mwisho, na kilichobaki ni karatasi za umiliki. Hata huko juu kabisa mambo ni hayohayo. Mchoro wa Marilyn wa mwaka 1964 wenye mandharinyuma ya buluu ya kijivu-kijani, uliouzwa na kampuni ya mnada ya Christie's, New York, tarehe 9 Mei 2022 kwa takriban dola milioni 195, ulifika mnadani ukiwa mali ya wakfu wa ndugu wawili wa Zürich, Thomas na Doris Ammann, na katika historia yake yamo majina ya muuza sanaa Leo Castelli na wakusanyaji Peter Brant na S.I. Newhouse. Aliyetoa fedha hizo alinunua uso wa Marilyn, na pia alinunua mlolongo wa watu ambao kila mmoja anaweza kuulizwa au kuthibitishwa kwa hati.

Kampuni ya pili ni ndogo kuliko ya kwanza, na ofisi yake ina wafanyakazi wachache. Kwenye orodha hawakuanza na jina la Warhol peke yake. Waliandika kwamba ni chapa iliyofuata kazi ya Andy Warhol, wakataja Sunday B. Morning kwenye mstari wa pili, na tofauti hiyo ya maneno machache ndiyo heshima kubwa wanayoweza kumpa mnunuzi. Nilipoomba taarifa ya hali ya kazi, nililetewa siku iliyofuata kurasa mbili zenye picha ya kila kona, picha iliyopigwa taa ikiwa imeinamishwa ubavuni hata unaona wino wa nywele ulivyonenepa juu ya karatasi, na picha ya mihuri yote miwili, myeusi, mmoja ukiwa umegongwa ukiinama kidogo upande wa kushoto. Waliambatanisha nakala ya risiti ya mkono ya duka la Brussels, ya mwaka 1974, pamoja na barua ya muuzaji anayeeleza kuwa alirithi chapa hiyo kwa mama yake. Kati ya 1970 na 1974 palikuwa na pengo, na walilisema wazi kwamba hawajui ilikuwa kwa nani. Niliwaamini zaidi kwa sababu ya pengo hilo.

Nililipa karibu mara tatu ya nilicholipa mwanzo, na nimeridhika. Kasoro yao ni ufungashaji: walitumia bomba jembamba mno, na kona moja ilifika na mkunjo mdogo ambao fundi wa fremu aliulaza kwa uzito kwa siku nne.

Fundi huyo aliniuliza kama afunge upande wa nyuma kwa karatasi ya kahawia, kama ilivyo kawaida. Nilimwomba aache dirisha dogo la plastiki ngumu mahali ilipo mihuri, na chini yake abandike bahasha isiyo na asidi. Ndani yake imo risiti ya Brussels, barua ya mtoto wa mwenye chapa, na ankara yangu yenye tarehe.