Bata aliyebaki tumboni: tamasha la shuleni nililolitazama mara mbili

Nilipangiwa kusimamia onyesho moja tu, la madarasa ya chini. Mwenzangu wa madarasa ya juu akapatwa na dharura, nikajikuta ukumbini tangu asubuhi hadi kengele ya kutoka, nikiwatazama watu walewale 8 wakifanya mambo yaleyale mara mbili. Ningeliona lile la kwanza peke yake, ningeandika hapa kwamba ni kikundi kizuri chenye mchoraji mwenye mkono mwepesi, yakaisha. La pili ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Wapigaji ni 6: filimbi, obo, klarineti, basuni, honi (ile ya shaba iliyojikunja kama konokono), zote za kupuliza, na piano. Wa 7 ni mtambaji wa hadithi, mwanamke mwenye sauti isiyohitaji kipaza sauti, ingawa walimbandika nacho. Wa 8 ni mchoraji, na ubao wake mkubwa wa karatasi katikati kabisa ya jukwaa. Dakika 50, hakuna mapumziko. Nusu ya kwanza ni hadithi ya Petro na mbwamwitu, inayosimuliwa kwa maneno na muziki, aliyoitunga Mrusi Sergei Prokofiev mwaka 1936 kwa ajili ya ukumbi wa maigizo ya watoto huko Moscow. Nusu ya pili ni vipande vichache vya mtunzi mwingine Mrusi, Modest Mussorgsky, kutoka mfululizo wake wa muziki uitwao Picha za Maonyesho.

Wanaanza kwa kutambulisha ala, sehemu ambayo kwa kawaida hunipa usingizi. Hawa waliifanya vizuri. Mpiga basuni aliivua ala yake kipande kwa kipande, akavipanga sakafuni, akawaambia watoto kwamba bomba lake likinyooshwa lote linafika kama mita mbili na nusu. Kisha akamwita mtoto mrefu kuliko wote alale kando ya vile vipande. Kwa siku tatu baadaye darasani kwangu kila kitu kirefu kiliitwa basuni, mimi mwenyewe nikiwemo.

Uchaguzi wa ala ni wa akili. Katika kazi ya Prokofiev kila mhusika ana chombo chake: ndege ni filimbi, bata ni obo, paka ni klarineti inayonyata kwenye noti za chini, babu ni basuni inayonung'unika, mbwamwitu ni honi. Kwa wapulizaji watano unaipata karibu hadithi nzima, isipokuwa Petro mwenyewe, ambaye ni wa ala za nyuzi. Hapa Petro alikabidhiwa piano, na sikumpenda. Petro wa nyuzi hutembea kama mtoto asiye na habari na dunia. Petro wa piano alitembea kama mtoto aliyevalishwa viatu vipya. Mbwamwitu naye ameandikiwa honi tatu zinazolia kwa pamoja, na humo ndimo unamotoka ule ubaridi wa mgongoni. Honi ilikuwa moja, piano ikaziba nafasi za zile nyingine. Darasa la kwanza waliogopa vilevile, kwa hiyo pengine kasoro hiyo ni ya masikio yangu tu.

Sasa bata. Mbwamwitu anammeza mzimamzima, na mwishoni, wakati wote wanaandamana kwa shangwe, obo inasikika kwa mbali: bata bado yu hai, yumo tumboni. Prokofiev hamtoi. Asubuhi msichana mmoja wa mstari wa mbele alianza kulia bata alipomezwa. Mtambaji alimwona, na hadithi ilipofika ukingoni akageuza maneno: mbwamwitu akapiga chafya, bata akatoka. Mchoraji akadaka hapohapo, akamchora bata amesimama kwenye majani, mabawa wazi. Watoto wakapiga makofi. Nilielewa huruma yake, mimi pia nina moyo. Lakini obo ilipolia ule mlio wake wa chinichini, hakuna aliyeusikia. Wausikilize wa nini, na bata wao wanamwona pale mbele?

Mchana ilisimuliwa kama ilivyoandikwa. Mtambaji alisema bata hajafa, nyamazeni mtamsikia, kisha akafunga mdomo. Ukumbi wote ukainama mbele. Sijui niueleze vipi ukimya ule: watoto wa darasa la nne hadi la sita, saa ya joto, wakimtafuta bata kwa masikio. Obo ikalia. Mvulana aliyekaa karibu na mguu wangu akaninong'oneza, "Mwalimu, atatoka lini?" Nikamwambia hata aliyetunga hakusema.

Kwenye picha ndiko kwenye ugomvi wangu nao. Mchoraji ni hodari, hilo halina mjadala, ila brashi yake hutangulia muziki, na jicho la mtoto lina mbio kuliko sikio lake. Kipande cha Mussorgsky cha vifaranga wanaocheza ndani ya maganda ya mayai hakizidi sana dakika moja. Asubuhi yai na mdomo wa kifaranga vilikwisha kuwa karatasini kabla piano haijatulia. Watoto wakapaza sauti, "Kifaranga!" na tangu hapo waliitazama brashi. Muziki ukawa redio iliyosahauliwa ikiongea chumba cha pili.

Mchana kibano cha ubao kililegea, karatasi ikamwangukia mchoraji ikamfunika kichwa chote. Vicheko vilipokwisha, mpiga piano alikuwa amekwisha anza na hakusimama, kwa hiyo kipande kikapigwa bila picha. Mtambaji, sijui kwa busara au kwa kukosa la kusema, akauliza: mmesikia nini? Mvua kwenye bati. Meno ya mtu anayetetemeka kwa baridi. Panya darini. Mtu anakimbia na viatu vya bibi yake. Ndege wadogo wanagombania kitu. Ndipo akawatajia jina. Wakaomba kipigwe tena! Nina miaka 17 kazini na sijawahi kusikia darasa la sita wakiomba piano irudiwe.

Kuna jambo lingewafurahisha watoto kupita yote, na halikutajwa mara zote mbili. Mussorgsky alitunga vipande hivi mwaka 1874, baada ya maonyesho ya kumkumbuka rafiki yake Viktor Hartmann, msanifu majengo na mchoraji aliyefariki mwaka uliotangulia. Mchoro uliozaa kipande hiki haukuwa wa vifaranga halisi, ulikuwa wa mavazi ya baleti: watoto waliovishwa maganda ya mayai. Mchoraji angelichora hilo mwisho, baada ya mvua na panya na viatu vya bibi, watoto wangepinduka.

Matembezi, ule muziki wa mtu anayetoka picha moja kwenda nyingine, waliufanya kwa miguu. Mapigo yake hubadilika, matano kisha sita, kwa hiyo ukitembea nao mguu unaotangulia haubaki uleule. Watoto walizunguka ukumbi wakigongana visigino. Mwalimu mkuu msaidizi naye alijaribu, akashindwa mbele ya shule nzima, na nadhani siku hiyo alipendwa zaidi kuliko mwaka mzima uliopita.

Walimaliza na kipande kiitwacho Lango Kuu la Kiev. Hartmann alilisanifu lakini halikujengwa kamwe, na hilo mtambaji alilisema, tena kwa ufupi unaostahili: lango halipo, lijengeni ninyi. Kila mtoto akapata nusu karatasi na krayoni, mchoraji akaweka brashi chini, piano na wapulizaji wakapiga mara mbili mfululizo. Hapo ndipo kikundi hiki kilipofika kileleni, maonyesho yote mawili. Nimehifadhi malango ya darasa langu. Moja halina ukuta kabisa, limesimama peke yake uwanjani. Jingine lina bawabu amelala. Jingine ni dogo kiasi kwamba nilidhani ni tone la rangi, mwenyewe akanieleza kwamba liko mbali.

Madogo madogo: kijitabu cha walimu kililetwa asubuhi ileile, hivyo hakuna aliyewaandaa watoto. Krayoni nyeusi ziliisha kabla ya mstari wa nne. Waliokaa nyuma kwenye mikeka waliona nusu ya juu ya ubao tu. Maswali yalipewa dakika tatu, zikaliwa na mtoto mmoja aliyetaka kujua mate yanakwenda wapi ndani ya honi. Mpigaji alimwonyesha mahali yanapomwagwa, na yakamwagika kweli, sakafuni.

Nimewaalika tena. Kwenye barua nimeomba ubao usogezwe pembeni na karatasi ifunikwe hadi muziki umalize, na kijitabu kitufikie wiki mbili kabla. Nimeandika pia, kwa unyenyekevu wote, kwamba akilia mtoto nitampakata mimi, bata wamwache alipo.