Maji ya bomba au ya mashine: mwaka na nusu na tangi la maji chumvi sebuleni

Miezi mitano ya mwanzo nilikuwa nawacheka watu wanaonunua mashine ya kuchuja maji kwa ajili ya samaki. Mimi mwenyewe nakunywa ya kuchemsha, samaki ni nani hata anunuliwe mashine? Tangi langu ni la lita 200, liko sebuleni kwetu Mbezi Beach, na wakati huo lilikuwa na samaki wawili wa rangi ya chungwa wenye mikanda myeupe, konokono sita, na kamba mmoja mwekundu aliyekuwa kipenzi cha nyumba nzima. Nilinunua chumvi maalumu ya akwariamu, nikaikoroga kwenye maji ya bomba, nikatia matone ya dawa ya kuondoa klorini, basi. Samaki wanakula, wanacheza, na mimi nikajiona mjanja.

Kila mgeni huniuliza: bahari hiyo hapo chini, si uchote tu? Nilichota. Wiki tatu, madumu manne kwenye bajaji, dereva ananitazama kama mtu aliyetumwa na mganga. Kiangazi yalikuwa maji mazuri. Masika ilipoingia, mito na mitaro ikaanza kushusha uchafu wa mji, na ufukweni kwetu maji yakawa na rangi ya chai ya maziwa. Nikaacha. Na kabla hujauliza la pili: chumvi ya mawe ya dukani haifai. Ile karibu yote ni chumvi ya kula tu. Magnesi na madini mengine ya bahari hubaki kwenye maji yanayomwagwa kule kwenye mashamba ya chumvi.

Kilichoanza kunigeuza ni Jumamosi moja. Mgao ulikuwa umetukalia siku nne, na maji yalipotoka yalinuka klorini kama bwawa la kuogelea. Tangi lilikuwa limepungua, nikajaza ndoo nikamimina. Dawa iko kabatini, mimi nimeisahau. Kamba alilala ubavu kabla sijamaliza kikombe cha chai. Kosa ni langu, simsukumii mtu: klorini imewekwa ili sisi tusiharishe, kamba hakuwamo kwenye hesabu.

Hilo lingetibika kwa kuwa makini. Ambalo halikutibika ni mwani. Ute wa kahawia kwenye kioo na mchanga, nafuta Jumatatu, Jumatano umerudi. Kisha zikaja nyuzi za kijani, ndefu kama nywele, zikakalia mawe yote. Nikapunguza chakula, nikapunguza saa za taa, wapi! Ilinichukua muda kuelewa kwamba nilikuwa naulisha mwenyewe kila asubuhi kwa jagi.

Sikiliza, maana hapa ndipo wengi tunapokwama. Maji ya tangi yanapokauka, chumvi haiondoki. Kinachoruka ni maji matupu. Kwa hiyo unapoongeza kilichopungua, unaongeza maji yasiyo na chumvi, la sivyo tangi litazidi ukali siku hadi siku. Joto la Dar, na feni inayopuliza juu ya tangi ili lisichemke, mimi napoteza kama lita 3 kwa siku. Kwa mwaka ni karibu lita 1,100. Kila kilichoyeyuka kwenye maji hayo ya kuongezea, iwe nitrati, fosfati au silika, kinabaki ndani. Hakina pa kutokea. Ute wa kahawia unajijengea gamba kwa hiyo silika. Nyuzi za kijani zinashiba nitrati na fosfati.

Nikanunua kipimo cha TDS, kile cha umbo la kalamu, shilingi 20,000. Kinakuambia takriban ni miligramu ngapi za vitu zimeyeyuka katika lita moja ya maji. Jioni ile nilipanga glasi mezani kama baa. Maji ya bomba, ambayo kwetu yanatoka Mto Ruvu: 142. Kisima cha jirani: 1,240, na hapo nikaelewa kwa nini sabuni haitoi povu kwao. Maji ya kunywa ya chupa: 48. Dumu la lita 20 linaloletwa na pikipiki, lililoandikwa "yamesafishwa": 96. Maji yanayodondoka kwenye kiyoyozi: 14. Mke wangu akaona ndiyo jibu, ya bure tena. Lakini yale yamepita juu ya mabomba ya shaba, na shaba kidogo tu inaua kamba na konokono hata kama samaki hawajali. Kalamu haikuambii ni kitu gani kimo, inakuambia kiasi tu.

Piga hesabu: lita 1,100 kwa 142 ni zaidi ya gramu 150 za vitu kwa mwaka. Kwa kisima cha jirani ni zaidi ya kilo moja na robo. Si nyingi ukilinganisha na kilo 7 za chumvi zilizomo tangini tayari, ila kilo 7 zile nimezichagua mwenyewe, hizi sijui ni nini.

Basi nikaenda Kariakoo. Mashine ya RO, ile inayochuja maji kwa kuyasukuma yapite kwenye utando, ya nyumbani, ya kuning'iniza ukutani, shilingi 380,000 baada ya kuvutana. Ina filta ya tope, filta mbili za mkaa, membreni (ndio huo utando), na filta moja ya mwisho ambayo muuzaji aliisifia sana. Fundi akaifunga jikoni, akafungua koki, tukasubiri. Tone. Tone. Dakika 20, glasi moja.

Tatizo ni msukumo. Membreni inataka takriban bar 4 (bar ni kipimo cha msukumo) ili ipitishe maji vizuri. Simtanki letu liko mita 6 juu ya jiko, na mita 10 za kimo ndizo zinazokupa bar 1. Yaani mimi nilikuwa na 0.6. Hakuna mtu dukani aliyeniuliza maji yangu yanatoka wapi. Nikaongeza pampu ndogo, 90,000 nyingine, na ndipo mashine ikawa mashine. Kama nawe unaishi kwa simtanki, na nani haishi kwa simtanki mji huu, ihesabu pampu kwenye bei tangu mwanzo.

Nikapima. 58! Nilikaribia kuirudisha. Mbaya kuliko chupa ya dukani? Nikachomoa bomba moja moja, napima kila hatua. Yakitoka kwenye membreni tu: 6. Yakipita ile filta ya mwisho iliyosifiwa: 58. Kumbe ni filta ya kurudishia madini ili maji yawe matamu mdomoni. Kwa binadamu sawa, kwa tangi umelipa kutoa kisha umelipa kurudisha. Nikaiondoa, nikaweka mahali pake kopo la rezini, punje ndogo za kunasa madini, ambalo shemeji alinibebea akirudi kutoka Dubai. Rezini inakamata zile 6 zilizobaki. Kalamu ikaandika 0. Nikaipiga picha.

Mama mkwe alipokuja kutoka Tanga aliyaonja, akanirudishia glasi. "Baba, maji yako haya yamekufa." Hakukosea.

Sasa matumizi. Mara mbili kwa wiki nawasha jioni, kwa jumla napata lita 40 kwa saa tatu na ushei. Maji ya kwanza, kama dakika tano, nayamwaga, maana mashine ikilala TDS hupanda. Lita 20 kwa wiki nachanganya na gramu 700 za chumvi kwa ajili ya kubadilisha maji, zinazosalia ni za kuongezea kila siku. Kero kubwa ni maji ya kumwaga: nilipima kwa ndoo, kila lita 20 safi inatupa karibu 60. Kwenye mji wa mgao hilo linauma. Yetu yanaingia kwenye pipa, ni ya chooni, ya kudekia na ya mchicha, na siku pipa likijaa nazima mashine. Filta ya tope niliahidiwa miezi sita. Masika iliyopita ilikuwa kahawia wiki ya nane. Hiyo ni bei ya soda kadhaa, haisumbui. Za mkaa usizicheleweshe, kwa sababu klorini ikipita inakula membreni, na membreni ndiyo ghali.

Mwani haukuondoka kesho yake. Ute wa kahawia ulichukua wiki sita, nyuzi miezi mitatu, na nilizing'oa kwa mswaki kila Jumapili. Leo kioo nafuta mara moja kwa wiki na kuna kamba mpya, ana miezi kumi.

Je, maji ya bomba hayafai kabisa? Kama una samaki watupu, bomba lako linasoma chini ya 150, na huisahau dawa ya klorini, utaishi. Rafiki yangu wa Kinondoni yuko hivyo mwaka wa tatu na hulalamikia mwani tu. Ila ya kisima, usithubutu. Na kwa asiyetaka mashine, anunue maji ya kunywa kwa ajili ya kuongezea tu na aje na kalamu yake dukani. Mashine ningeipa nyota nne kama wangeniambia habari ya pampu na ile filta ya mwisho. Nimeipa tatu.

Rezini ilikuja ya buluu, na inageuka kahawia ikichoka, kuanzia upande maji yanapoingilia. Asubuhi hii buluu imebaki vidole vitatu, na shemeji ana safari mwezi ujao.