Bando la mwezi linaisha siku ya nane: uzoefu wangu na ruta ya nyumbani

"Mama yangu, bando haliliwi na jini. Kaulize watoto na dada wa kazi."

Hayo nilijibiwa na kijana wa kaunta ya kampuni inayotuuzia mtandao, macho yake kwenye simu yake mwenyewe, mimi nimesimama na ruta ndani ya kikapu kama niliyepeleka kuku kliniki. Foleni nimekaa tangu asubuhi, kile kikaratasi cha namba kimelowa jasho mkononi. Naanza na yeye makusudi, maana mengine yote yaliyonikuta yalitoka kwenye sentensi hiyo.

Tunaishi Tabata, Dar es Salaam, watu watano, na bando la GB 100 la siku 30. Kwa muda mrefu lilikuwa linatosha. Mwisho wa mwezi linabaki la kuonea huruma, lakini linabaki. Halafu, kama wiki chache kabla ya Ramadhani, ujumbe ukaingia: umetumia asilimia 75. Siku ya sita! Siku ya nane mtandao ukakata. Nikanunua lingine, nikijiambia labda nimekosea kuhesabu. Nalo likaenda vilevile.

Ukifungua programu yao ya simu unaona duara moja linalopungua, basi. Nani katumia, saa ngapi, kwa kitu gani, hakuna. Afadhali LUKU, ile mita ya umeme wa kulipia kabla. LUKU ukiwasha pasi unaziona uniti zinavyokimbia, ukizima zinatulia, na hata mtoto wa darasa la pili anajua mchawi ni pasi. Hawa wanakuuzia kitu usichokiona, kinaisha huku hukioni, na ukiuliza unatajiwa jini.

Nikarudi nyumbani na ile "kaulize dada wa kazi" inanizunguka kichwani. Watoto niliwauliza, wakakana wote kwa sauti moja. Binti wa kazi sikumuuliza. Nilichukua simu yake, nikaizima, nikaifungia kabatini, na usiku huohuo nikabadilisha pasiwedi ya waifai nikawapa mume wangu na watoto tu. Kesho yake duara likapungua GB 2. Keshokutwa GB 3. Nani aniambie kitu? Nikaona mwizi wangu nimemkamata. Binti amekaa kwenye mbuzi anakuna nazi, machozi yanamtoka bila sauti, na mimi nikapita kwenda kuchukua maji kama sijaona.

Jumapili akaja mdogo wangu wa kiume kula pilau. Ni yeye aliyetufungia kamera pale juu ya geti baada ya kuibiwa mota ya maji. Akatazama simu yake akasema, "Dada, kamera yenu mbona haipo hewani siku zote hizi?" Nikamwambia nimebadilisha pasiwedi. Nikampa mpya, akaiunganisha, akaongeza kachumbari, maongezi yakahamia kwenye mpira.

Jumatatu jioni GB 13 zimekwenda. Kwa siku moja. Na simu ya binti iko kabatini kwangu, imezimwa, chini ya vitenge.

Hapo nikakaa chini, na aibu imeanza kunipanda taratibu. Chini ya ruta kuna karatasi imebandikwa, ina namba 192.168.8.1 na neno la siri. (Ruta nyingine huanza na 192.168.1.1 au 192.168.0.1, angalia yako.) Ukiiandika hiyo namba pale unapoandikaga anwani ya tovuti, ruta yenyewe inakufungulia mambo yake. Nikakuta orodha ya vifaa vilivyounganishwa, na chini yake hesabu mbili: data zinazoshuka na data zinazopanda. Zinazopanda zilikuwa zaidi ya mara tatu ya zinazoshuka. Nikazisoma mara mbili. Mtu akiangalia YouTube anashusha. Akisikiliza muziki anashusha. Kumbe nyumbani kwangu kulikuwa na kitu kinachotuma vitu nje, mchana na usiku, na hakuna anayekiona.

Kwanza nikashuku simu yangu, kwa sababu ina tabia ya kujihifadhia picha na video mtandaoni yenyewe. Nikazima hiyo. Hesabu ikaendelea kupanda. Walipolala wote nikafanya ile ya LUKU: nikazima simu zote ikabaki yangu ya kusomea hesabu, nikachomoa televisheni ukutani, nikasubiri saa nzima nikipukuchua maharage. MB 400 na kitu zilikuwa zimepanda. Piga hesabu mwenyewe, mara saa 24, unakaribia GB 10 kwa siku na hakuna binadamu aliyegusa kitu. Kwenye orodha, ukiondoa simu yangu, kulibaki kifaa kimoja chenye jina la herufi na namba tupu. Nikatoka nje na khanga yangu begani, nikachomoa kamera kwenye umeme. Hesabu ikasimama.

Mdogo wangu alipofungua video za kamera hatukujua tucheke au tulie. Kamera ilipangwa kurekodi kila kitu kinapotikisika na kupeleka video hiyo kwenye hifadhi ya mtandaoni. Mchana kuna khanga kwenye kamba ya nguo. Usiku kuna wadudu kwenye taa. Na saa zote kuna jani la mgomba wa jirani lililoinama juu ya ukuta wetu. Video moja niliitazama mpaka mwisho: jani peke yake, dakika nzima, linapunga upepo. Hiyo ndiyo ilikuwa inakula bando langu. Tukapunguza wepesi wake wa kushtuka, tukaweka kadi ya kumbukumbu irekodi humohumo ndani, tukafunga kupeleka mtandaoni. Jani tulilikata kwa ruhusa. Sasa tunatumia GB 3 kwa siku, wakati mwingine pungufu.

Kwa hiyo kampuni haikuniibia. Nilianza kuandika haya nikiwa nimetoa nyota moja, na haki ni haki, mtandao wao hata mvua ya masika inyeshe vipi unafanya kazi. Nilitaka kupandisha ziwe nne.

Lakini nikimkumbuka yule kijana mkono unakataa. Kama ruta ya plastiki inajua kutenganisha zinazopanda na zinazoshuka, kampuni nzima inashindwaje kuniwekea kwenye programu yake? Na hata kama hana pa kuangalia, si angeuliza tu, "Mama, mna kamera nyumbani?" Maneno manne. Watu wangapi wanafunga kamera mjini hapa siku hizi, ina maana mimi ndiye wa kwanza kufika pale na kikapu? Yeye akanielekeza kwa watu wangu wa ndani, na mimi mtu mzima, mama wa watoto wawili, nikaenda. Kwa hilo la mwisho simlaumu yeye. Au namlaumu nusu. Wekeni nyota mbili, na hizo ni za mtandao, sio za kaunta.

Simu ya binti nilimrudishia, nikamwomba radhi mbele ya watoto, nikamwandikia na pasiwedi mpya kwenye karatasi. Akapokea kwa mikono miwili, akasema, "Hamna shida, mama." Ile karatasi bado iko juu ya friji. Kwenye orodha ya vifaa simu yake haijaonekana tena mpaka leo. Anajinunulia bando lake dukani kwa Mangi.