Kiti cha uvivu cha plastiki: kipi kitahimili jua la Uganda?

Mwaka juzi mgeni wangu mmoja, mwalimu mstaafu, alikaa kwenye kiti cha plastiki barazani kwangu hapa Busia. Mguu wa nyuma ukapasuka, mzee akatua sakafuni na kikombe cha chai mkononi. Chai haikumwagika, aibu ndiyo iliyonimwagikia mimi. Kiti kilikuwa na miezi kumi na minne tu, na aliyeniuzia alikuwa ameniapia, "Mama, hii ni original." Tangu siku hiyo sinunui kiti kabla sijakipindua miguu juu.

Nina nyumba ndogo ya wageni, na ninachotafuta kila mara ni kile wazee walichokiita kiti cha uvivu: cha chini kidogo, mgongo umelala, kinashinda sebuleni na jioni kinatolewa uani. Wanunuzi wengi huuliza kama kitahimili mvua. Mvua si kitu, plastiki hainyonyi maji. Adui ni jua. Ikweta inaikata barabara ya Masaka pale Kayabwe, na sehemu kubwa ya nchi yetu iko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo miale ya urujuanimno inatuchapa mwaka mzima. Miale hiyo huivunjavunja plastiki kuanzia juu: rangi inapauka, unga mweupe unatokea, kisha siku moja unasikia "kwaa!" Kiwanda makini huchanganya dawa ya kukinga jua plastiki inapoyeyushwa. Kisicho makini huiacha, na kiti kikiwa kipya huwezi kuona tofauti kwa macho.

Kwa hiyo usitazame kipya. Omba kile kilichowekwa nje ya duka miezi kadhaa kuvutia wateja, ukisugue kwa kitambaa cheusi. Kitambaa kikitoka cheupe kama ubao wa shule, aga kwa heshima. Halafu uliza kama kuna kiti kilichovunjika huko nyuma (hakikosekani), uombe kipande, ukitumbukize kwenye kikombe cha maji. Viti vingi ni vya polipropilini, ambayo ni nyepesi kuliko maji, kwa hiyo kipande huelea. Kikizama, ujue kimejazwa unga wa chokaa. Chokaa kidogo si dhambi, hukikaza kiti. Lakini kwa kukadiria, ikifika moja ya saba ya uzito, kipande kinaanza kwenda chini, na hapo unauziwa chokaa kwa bei ya plastiki. Wanaochambua plastiki ya taka hutumia ujanja huohuo: chupa ya soda huzama, kifuniko chake huelea.

Nafasi ya kwanza naipa kiti kizima cha polipropilini, kilichotoka kwenye kalibu kwa mpigo mmoja bila skrubu wala chuma. Ukoo wake ni wa zamani: Mfaransa Henry Massonnet alitoa kiti cha aina hiyo mwaka 1972, mashine ikikimaliza kimoja kwa chini ya dakika mbili. Kipindue. Chini ya kalio tafuta pembetatu yenye namba 5, au herufi PP, alama ya polipropilini. Tafuta mbavu, zile kuta nyembamba zinazokatizana, maana ndizo zinazobeba uzito bila kuongeza plastiki. Kitone kidogo cha mviringo utakachokiona katikati ndipo plastiki ya moto ilipoingilia. Kikiwa na nyufa kama miguu ya buibui, kirudishe. Lazima pawe na tundu la kutolea maji kalioni, la sivyo mbu watakushukuru. Miguu iwe na nyayo pana, kwa sababu nyembamba huzama uani mvua za Aprili zikikolea. Kwa kuwa ni plastiki ya aina moja, kikifa kinasagwa na kuyeyushwa upya, na vikipangwa kimoja juu ya kingine boda mmoja anakuletea sita. Kwangu hiyo ndiyo maana ya kiti kisichoharibu mazingira: kidumu kwanza, mengine baadaye.

Cha pili ni kile kinene, kitupu ndani, kinachotengenezwa kama matangi ya maji: unga wa polithilini huwekwa ndani ya kalibu, kalibu ikazungushwa polepole kwenye tanuri mpaka unga uyeyuke na kujipaka pande zote. Ni kigumu kuliko cha kwanza, mtu mzito anajitupa bila wasiwasi. Mbona basi si cha kwanza? Bei. Changu kimoja kilimeza pesa za viti vinne. Pia hakipangiki, na kizibo cha chini kikipotea, maji na sisimizi wanahamia.

Cha tatu ni cha mbao za plastiki iliyorejelewa. Tangu jalala la Kiteezi, la taka za Kampala, liporomoke Agosti 2024, nasikia wauzaji wakilisifu sana neno "recycled", na nawaunga mkono, ila uliza imerejelewa kutoka nini. Nikiambiwa "chupa za soda" nasita, kwa sababu mbao hizi kwa kawaida hutokana na plastiki ya madumu na vifuniko, namba 2, si ya chupa. Kiti chenyewe ni kizuri kikikaa nje moja kwa moja. Kukiingiza ndani kila usiku kunahitaji vijana wawili, na skrubu zisipokuwa za chuma kisichoshika kutu, michirizi myekundu itakuonyesha.

Cha kusukwa kwa nyuzi za plastiki juu ya fremu ya chuma kinapendeza kwenye picha. Nyuzi hukatika, chuma hula kutu kwa ndani, na hakuna wa kuvitenganisha. Kiache sebuleni.

Cha mwisho ni kile chepesi cha barabarani, ndugu wa yule aliyemwangusha mwalimu. Kwa matanga ya siku mbili, kodisha, usinunue.

Kuhusu rangi: nyeusi ya masizi ndiyo inayokinga jua vizuri kuliko zote, lakini saa saba mchana haikaliki. Nachukua ya udongo au kijivu. Na kama mna wazee nyumbani, pima kimo cha kalio. Chini ya sentimita 40 watahitaji kuvutwa mkono kila wanapotaka kuinuka.

Kile kilichovunjika sikukitupa. Fundi anayeshona mabeseni alitoboa matundu kwa msumari wa moto pande zote mbili za ufa, akapitisha waya, akaziba kwa kipande cha dumu alichokiyeyusha. Sasa kiko jikoni, mbali na jua, nakikalia nikichambua maharagwe.