Kufufua mipaka ya kiwanja kwa RTK (mashine ya kupimia kwa setilaiti): hela imeenda ila nimeridhika

Wadau habari za mda. Naandika hii kwa yeyote mwenye kiwanja kilichopimwa zamani na sasa anataka kupiga ukuta, maana hili jambo la kufufua mipaka, yani kutafuta tena kona za upimaji wa mwanzo, watu wanalichukulia poa sana alafu baadae ndo wanakutana kwenye baraza la ardhi, wakati nyumba imeshafika kwenye lenta. Kiwanja chetu ni cha familia, kipo Kerege njia ya Bagamoyo, mita 20 kwa 30, kilipimwa miaka ya tisini marehemu baba akiwa hai na ramani ya upimaji ipo. Shida mawe ya mpaka yanayowekwa kwenye kona hayaonekani hata moja. Upande mmoja kuna mzee jirani ana ua wa minyaa mnene kweli kweli, yeye siku zote anasema mpaka ni minyaa, na sisi kwenye ramani hatuoni minyaa tunaona namba tu.

Kwanza tulianza na ofisi moja hivi, jina siitaji. Walimtuma kijana peke yake na kile kiGPS cha mkononi. Akaingiza koodineti za kwenye ramani, zile namba zinazoonyesha kona ipo wapi, akaanza kutembea, sisi nyuma yake, akatoka kwenye kiwanja chetu, akavuka barabara ya mtaa, akaenda kaskazini huko mpaka akasimama kwenye mihogo ya watu akasema kona yenu ni hapa. Karibu mita 300 jamani. Na hakushtuka!

Sasa hii inatokeaje, naomba nieleze kidogo kwa sababu hapa ndo hela za watu zinapopotelea. Ramani nyingi za zamani huku kwetu, na Kenya na Uganda pia, zimechorwa kwa mfumo wa koodineti unaoitwa Arc 1960. GPS na simu zetu zinatumia mfumo mwingine, WGS84. Mifumo yote miwili inatoa koodineti zinazofanana kwa sura, kwaiyo ukiziangalia kwa macho huwezi kujua hii ni ya wapi na hii ya wapi, ila kwa maeneo ya Dar na Pwani ukichukua namba za Arc 1960 ukaziweka kwenye kifaa kilichosetiwa WGS84 bila kubadilisha, inakupeleka kama mita 300 kaskazini na karibu mita 100 magharibi. Kifaa hakijakosea, kimekupeleka pale pale ulipokiambia. Mpima ambaye haulizi ramani yako ni ya mfumo gani kabla hajawasha chochote, huyo mlipe nauli arudi kwao.

Yule kijana baada ya kubanwa akabadilisha njia, akachukua kona ya ukuta wa nyumba ya pili akasema tuhesabie kutokea hapo, akapiga vigingi kama mita 3 ndani ya minyaa ya mzee. Hebu fikiria, mita 3 kwa upande wa mita 30 ni mita za mraba 90, kiwanja kizima ni 600. Mzee akatoka akaviona vigingi kwake, hakupiga kelele ila alisema neno moja tu, "wanangu, baba yenu asingefanya hivi", aisee tuling'oa vyote siku ile ile.

Kuna ndugu pia walisema tupime wenyewe kwa programu ya simu, ni bure. Simu nzuri kabisa, sehemu ya wazi, inakosea kama mita 5, na chini ya miti au karibu na ghorofa inazidi hapo. Kujua shamba lina ukubwa gani takriban ili ununue mbegu, sawa kabisa itumie. Mpaka wa kiwanja hapana. Na wale wanaochora mistari juu ya picha ya setilaiti kwenye Google alafu wanagombana na jirani, jueni picha yenyewe inaweza kuwa imesogea mita kadhaa kutoka uhalisia, mstari wako ukawa umekaa kwenye bati la mtu.

Timu ya pili ndo hawa ninaowasifia. Walikuja na RTK, yani risiva mbili (vifaa vya kupokea mawimbi ya setilaiti), moja inawekwa kwenye pointi ambayo koodineti zake zinajulikana na haiguswi, ya pili inatembezwa kwenye fimbo. Zote zinasikiliza setilaiti zile zile kwa wakati mmoja, za Wamarekani, Warusi, Wachina na za Ulaya, ile iliyotulia inajua makosa ni kiasi gani dakika hiyo na inamrushia mwenzake kwa redio ajirekebishe. Matokeo yake unashuka toka makosa ya mita mpaka sentimita 1 au 2.

Ila kilichonifanya niwaamini sio mashine. Dada aliyekuwa anaongoza timu hakugusa kiwanja chetu kabisa mpaka saa nne na nusu asubuhi. Walikuwa wanazunguka kitalu kizima wanatafuta mawe ya viwanja vingine ambayo bado yapo, wakayapata mawili, moja chini ya ngazi za duka, lingine pembeni ya mtaro, wakayapima wakalinganisha na namba za ramani ya zamani. Tofauti ilikuwa sentimita chache. Hapo ndo akasema sasa tunaweza kuanza, kwa sababu tunajua tunaongea lugha moja na waliopima mwanzo.

Alafu akaweka fimbo karibu na minyaa, akasawazisha kile kiputo cha kuonyesha fimbo imesimama wima mpaka kikatulia katikati, akasubiri kioo kimwambie imeshika vizuri, akachora alama ya msalaba kwenye mchanga na kusema chimbeni hapa. Akamgeukia mzee, shikamoo baba, naomba usogee uone mwenyewe. Tukachimba kwa jembe taratibu, udongo wa juu mchanga mweupe, chini mweusi na mizizi ya minyaa imesukana, kama nusu mkono hivi jembe likagonga. Wakaacha jembe wakatumia mikono. Zege la duara, katikati nondo imeliwa na kutu ila imesimama wima. Jiwe lenyewe! Mzee aliinama akaigusa ile nondo, akasema minyaa nilipanda mimi mwenyewe nikikisia. Ilikuwa imeingia kwetu kama hatua moja kwa kona ile na kwa kona ya nyuma imeingia kwake, kwaiyo hakuna aliyemuibia mtu.

Na hapa ndo napenda mjue, waliopima miaka ya tisini kwa theodolaiti (darubini ya kupimia pembe) na kupiga hesabu kwa mkono walifanya kazi safi mno. Mashine mpya ya mamilioni imekuja kuthibitisha kwamba wale wazee walikuwa sahihi. Dada mpima akatuambia kwenye taaluma yao jiwe la mwanzo ambalo halijahamishwa lina nguvu kuliko namba inayosomeka leo kwenye kioo, kwaiyo kazi yake ni kulitafuta, sio kupanda jipya pembeni yake.

Kona moja ipo chini ya mwembe mkubwa, pale RTK iligoma, majani yanazuia mawimbi. Wengine wangebonyeza tu wakaondoka. Wao walitoa totali stesheni, ile ya miguu mitatu yenye darubini, wakaiweka sehemu ya wazi wakapiga pembe na umbali mpaka chini ya mti. Ilichukua zaidi ya saa nzima na jua lilikuwa kali.

Droni walitupa bei yake pia ila wakasema wenyewe kwa kiwanja kimoja hamna haja. Nakubali. Droni ni ya eneo kubwa, Zanzibar waliitumia kupiga picha Unguja na Pemba nzima kuanzia 2016 na ile kazi ni ya kujivunia, lakini droni haioni jiwe lililofukiwa chini ya minyaa.

Malalamiko yapo. Bei ilikuwa karibu mara mbili ya ile ofisi ya kwanza na usafiri wanahesabu pembeni, waseme mwanzoni. Ripoti ilichelewa sana na imeandikwa Kiingereza kitupu, mama kaishika kaigeuza geuza karudisha, na yeye ndo mwenye kiwanja. Wangeweka hata ukurasa mmoja wa Kiswahili, mchoro, namba za mawe na sahihi za mashahidi, maana mzee jirani na mwenyekiti wa mtaa wote walisaini na wao walitaka nakala wanayoielewa.

Nawapa nyota 4 kati ya 5. Anayetaka namba yao aje inbox, na uwe na ramani yako ya upimaji mkononi kabla hujapiga, maana swali lao la kwanza ni hilo.