Star Citizen: chombo kizuri ambacho bado hakijashuliwa

Mpwa wangu aliyeko Dar alinitumia ujumbe wa sauti: "Shikamoo mjomba. Hivi ile gemu yako ya vyombo vya angani, Star Citizen, nikiweka hela yangu ya bonasi humo nitajuta?" Sekunde tisa tu. Nikamjibu kwa ujumbe wa dakika kumi na moja, naye hakufika hata nusu. Basi naandika, asome akiwa kwenye mwendokasi.

Mimi ni mtu wa Tanga, naishi Manchester, naendesha basi la usiku. Nikirudi nyumbani saa tisa usingizi hauji, nawasha kompyuta na kuendelea na udereva, safari hii nabeba makasha kutoka mwezi mmoja kwenda mwingine. Mke wangu husema hajawahi kuona mtu anayepumzika kazi kwa kuifanya tena bure. Kwa kweli si bure, nililipia.

Kwanza uzuri wake, maana upo. Unaamka kwenye chumba kidogo, tuseme Lorville, mji wa viwanda wenye moshi uliotanda dirishani. Unatoka, unashuka kwa lifti, unapanda treni hadi bandari ya anga, unakiita chombo chako kwenye mashine, unakifuata gatini na kupanda ngazi kwa miguu yako mwenyewe. Unakaa, unawasha. Paa la gati linafunguka, mji unabaki chini, mawingu yanapita, buluu inakolea mpaka inakuwa nyeusi, na sayari nzima imeviringika chini yako. Katika safari yote hiyo skrini haikufumbi macho hata mara moja ikikwambia subiri kidogo. Siku ya kwanza nilisahau kwamba nilikuwa na mzigo wa kupeleka. Nilikaa tu nikitazama jua likichomoza kwenye theluji ya sayari ya microTech, chai ikapoa.

Siku ya pili nilifungua mlango wa chombo angani bila kuvaa kofia. Nilikufa palepale. Kosa langu, tena la kijinga, na hakuna gemu nyingine iliyowahi kuniadhibu kwa haki namna ile.

Upande wa pili unajulikana na kila aliyewahi kuicheza: lifti zinazokuja bila sakafu, watu wanaoendeshwa na kompyuta wanaosimama juu ya viti kama waliosahaulika, na ile namba ya 30k inayotokea seva, yaani kompyuta kuu inayowaunganisha wachezaji, ikianguka, jina ambalo limekuwa msemo miongoni mwa wachezaji. Kwenye karatasi hiyo si kasoro, kwa sababu gemu bado inaitwa alfa, yaani toleo la majaribio. Na hapo ndipo stori yenyewe inapoanzia.

Oktoba 2012 Chris Roberts, yule aliyetengeneza gemu ya Wing Commander mwaka 1990, alijitokeza na kusema anataka kujenga gemu ya anga ambayo kampuni kubwa hazitaki kuigharimia. Akawaomba wachezaji wachange. Kwenye Kickstarter, tovuti ya kuchangisha pesa, peke yake zilipatikana dola milioni 2.1 na ushei, na ukijumlisha za tovuti yake zikafika milioni 6 na zaidi. Tarehe iliyokadiriwa kukabidhi ilikuwa Novemba 2014. Waliochanga waliahidiwa mifumo ya nyota 100, pamoja na kisa cha mchezaji mmoja kiitwacho Squadron 42.

Novemba 2014 ikapita. Mwaka 2015 Roberts na kampuni yake wakatangaza waigizaji wa Squadron 42, akina Mark Hamill, Gary Oldman na Gillian Anderson, pamoja na tangazo lililosema itakuja 2016. Ikapita 2016. Baadaye ikasemwa majaribio yataanza robo ya tatu ya 2020. Nayo ikapita. Oktoba 2024, jukwaani Manchester, mji huu huu ambao wana moja ya ofisi zao kubwa, wakasema 2026. Hapo katikati michango haikukoma: milioni 500 mwaka 2022, milioni 600 mwaka 2023, na mwaka 2025 hesabu ilivuka dola milioni 800. Ile mifumo 100? Mpaka Desemba 2024 wachezaji walikuwa na mmoja, Stanton, ndipo wa pili, Pyro, ulipoongezwa. Toleo kamili, lile watakaloliita 1.0, limetangazwa kuwa litakuwa na mifumo mitano.

Waliomfuatilia Roberts tangu zamani hawakushangaa sana. Kabla ya hii alikuwa na Freelancer, gemu iliyochelewa mpaka Microsoft ikainunua kampuni yake mwaka 2000. Yeye akaondoka, wengine wakapunguza ndoto, na mwaka 2003 gemu ikatoka. Tofauti ya safari hii ni kwamba hakuna Microsoft. Watu walishangilia kuondoka kwa mzee mwenye mfuko anayepiga meza na kusema "imetosha, toeni kilichopo". Mimi pia ningeshangilia. Lakini kiti chake kilibaki kitupu, na hakuna aliyeuliza nani atakikalia.

Mjomba naye ana habari ya nyumbani. Babu yangu mzaa mama aliagiza mashua Pangani. Alitoa arubuni, fundi akasema itakuwa tayari kabla ya kusi. Kusi ikaja, ikaisha, mashua haipo. Kila Ijumaa baada ya swala babu alikwenda kukaa na yule fundi chini ya mwembe. Fundi hakumwonyesha picha ya mashua. Alimwonyesha mkuku, akamhesabia mataruma yaliyokwisha kufungwa na yaliyobaki, akamtajia mbao aliyokuwa akiisubiri na inatoka wapi. Na babu alikuwa na haki moja ambayo wote wawili waliijua: mwaka ukipinduka, arubuni irudi. Mashua ilichelewa karibu mwaka mzima, babu akaishua huku akinung'unika, na wakabaki marafiki.

Star Citizen nayo ilikuwa na haki kama hiyo. Masharti ya mwanzo yalisema kwamba wasipokabidhi ndani ya miezi 12 baada ya tarehe waliyokadiria, mchangiaji aweza kudai sehemu ya pesa ambayo haijatumika, na zitolewe hesabu zilizokaguliwa. Baadaye ile 12 ikawa 18. Juni 2016 masharti yakaandikwa upya: sasa unaweza kudai iwapo tu wataacha kabisa kuitengeneza. Soma tena hapo, mpwa wangu. Madhali kuna mtu mmoja anayegonga nyundo, chombo hakijachelewa. Mwaka 2018 mchangiaji mmoja alikwenda mahakama ya madai madogo Los Angeles akidai dola 4,500 zake. Akashindwa, kwa sababu masharti aliyoyakubali yalimtaka aende kwa msuluhishi, si mahakamani.

Kuchelewa hakunikeri. Kazi waliyojipa ni ngumu kweli. Ili watu wengi wawe kwenye anga moja bila skrini ya kusubiri, ilibidi wavunje kazi ya seva moja na kuigawa kwa seva nyingi zinazokabidhiana wachezaji bila wao kuhisi. Mfumo huo ulipofika na toleo la 4.0, idadi ya watu mahali pamoja ilipanda kutoka 100 hadi 500. Hilo si jambo la kubeza. Kinachonikeri ni kwamba kila tarehe ilipoteleza, kilichobadilishwa ni karatasi, na duka liliendelea kuwa wazi.

Na duka hilo! Kifurushi cha kuanzia ni dola 45 hivi, na kwa hicho unaingia na kucheza kila kilichopo. Juu yake kuna vyombo vya dola mia, mia tano, elfu na zaidi. Mwaka 2018 waliweka kifurushi cha Legatus kwa dola 27,000, zaidi ya shilingi milioni 60 za Tanzania kwa wakati ule, na hukuruhusiwa hata kukiona mpaka uwe umeshatumia dola 1,000. Vingine vinauzwa vikiwa mchoro. Chombo kiitwacho Banu Merchantman kilianza kuuzwa mwaka 2013, na zaidi ya miaka kumi baadaye hakuna aliyekuwa amekirusha. Mwaka 2021 wasimamizi wa matangazo wa Uingereza walipewa malalamiko kuhusu barua pepe za kuuza vyombo vya namna hii, na kampuni ikaanza kuweka angalizo kwamba chombo bado kinatengenezwa. Yaani ilibidi mtu wa nje aseme kwamba mteja aambiwe anachonunua hakipo.

Watetezi wao watakwambia hakuna kampuni iliyo wazi kama hii. Na ni kweli kwa namna fulani: kuna video kila wiki, kuna ripoti, na tangu mwishoni mwa 2018 wanachapisha muhtasari wa mapato na matumizi, jambo ambalo kampuni nyingi za gemu hazifanyi. Nawapa alama kwa hilo. Lakini sisi tuliokulia kwenye kamati za harusi tunajua tofauti kati ya mweka hazina anayesoma daftari na kamati inayoweza kumhoji. Hapa wachangiaji hawana kikao. Februari 2022, watu walipozidi kuishika ratiba ya umma kama ahadi, kampuni iliamua isionyeshe tena makadirio ya mbali, bali ya robo mwaka inayofuata tu. Ndiyo, taa inawaka, lakini imeelekezwa pale wanapotaka wao utazame.

Ukitaka kulinganisha, itazame Elite Dangerous, gemu nyingine ya anga. Iliomba michango majira yale yale, mwishoni mwa 2012, hapa hapa Uingereza, ikapata kama pauni milioni 1.6. Desemba 2014 ilikuwa imetoka. Ilitoka na mambo machache: hukuweza hata kutoka kwenye kiti cha rubani, na kutembea kwa miguu kwenye sayari kulikuja mwaka 2021. Tena nao walivunja ahadi, maana mwezi mmoja kabla ya kutoka walisema hali ya kucheza bila intaneti waliyoahidi imefutwa, watu wakachachamaa wakidai pesa zao. Lakini angalau kulikuwa na siku moja ambayo kitu kilikabidhiwa na watu wakaweza kusema hiki kipo na hiki hakipo. Hao wa Star Citizen hawajawahi kuwa na siku hiyo.

Nina kovu langu pia. Mwaka 2016 niliichangia dola 40 gemu nyingine ya mtandaoni, jina silitaji. Ilikuwa na ramani nzuri, hadithi nzuri, na watu wake walikuwa wanajibu barua kwa upole. Halafu majibu yakawa machache, halafu ikaja barua moja ya kuaga, halafu tovuti ikazimwa. Kilichoniuma hakikuwa zile dola 40. Ni kwamba sikujua zilikwenda kwenye mbao gani.

Kwa hiyo nilipoingia Star Citizen, Mei 2022, niliingia na macho yangu yote mawili. Nilisubiri wiki ya kucheza bure, nikacheza siku nne, ndipo nikanunua kifurushi cha Aurora, chombo kidogo chenye kitanda ndani na nafasi ya makasha machache. Sijaongeza hata senti tangu hapo. Cutlass Black ninayobebea mizigo sasa nimeinunua kwa pesa za humo humo, kwa jasho la upagazi. Vyombo vingi vilivyokamilika vinapatikana hivyo, jambo ambalo duka halilisemi kwa sauti kubwa.

Basi mpwa wangu, hukumu yangu ni hii. Kama kilichopo leo, na lifti zake, kinakutosha kwa dola 45, chukua, utapata usiku mwingi mzuri. Jaribu kwanza bure, huwa wanafungua milango mwezi Mei na Novemba. Ukinunua na usipendezwe, rudisha ndani ya siku 30. Squadron 42 usiilipie mpaka itoke na uone wengine wakiicheza. Na mchoro usiununue hata kama una mizinga kumi na dirisha la kioo. Katika alama kumi naipa sita: nane kwa anga, nne kwa fundi.

Kabla ya kuiweka hadharani nilimtumia aisome. Akajibu kwamba kompyuta yake ni ya ofisini, RAM GB 8, na diski ni ile ya kizamani inayozunguka. Gemu inataka GB 16 kwa uchache, diski ya kisasa ya SSD, na nafasi ya zaidi ya GB 100. Nimemwambia bonasi aipeleke Kariakoo akanunue RAM na SSD. Ameniuliza, "Na kadi ya picha, mjomba?" Nikamwambia tutaongea Novemba.