Ender 3 V3 SE kwa Mchongaji: Inafaa Kazi ya Sanamu?

Wadau, habari zenu, karibuni tena mezani. Wengi mmekuwa mkiniuliza kwenye maoni: nikinunua printa ya 3D ya bei ya chini, naweza kutengeneza sanamu za kuuza? Leo tunaye huyu hapa, Creality Ender 3 V3 SE, iliyotoka mwaka 2023. Nitaiangalia kwa jicho la mtu wa sanaa tu. Kama unataka kutengeneza vipuri vya pikipiki, video yako si hii.

Jibu langu nalitoa mapema ili mwenye haraka aende zake: kwa mchongaji, hii ni mashine ya kutengenezea mfano wa kusubu, yaani umbo la kunakiliwa kwa kumimina metali iliyoyeyuka. Ukiitegemea ikupe kazi iliyokamilika ya kuweka dukani, mtagombana.

Vipimo kwanza, haraka haraka. Nafasi ya kuchapia ni milimita 220 kwa 220, kwenda juu 250. Inasawazisha yenyewe bamba la kuchapia, jambo ambalo kwenye Ender za zamani ulilifanya kwa mkono na kipande cha karatasi huku ukisonya. Bamba ni la chuma kinachopindika, kwa hiyo kazi ikishapoa unalikunja kidogo tu, inaachia. Kampuni inaandika spidi hadi milimita 250 kwa sekunde. Kwa kinyago, hiyo namba isahau. Shusha spidi, anzisha jioni, nenda kalale.

Sasa njooni karibu. Nawasha taa ya pembeni... mnaona? Hiki ni kichwa nilichochapa kwa tabaka za milimita 0.2. Shavuni mistari haionekani sana kwa sababu ukuta umesimama. Panda hapa kwenye paji la uso na utosini, panapolala. Ni ngazi, kabisa kama matuta ya shamba. Na chini ya kidevu kuna makovu, pale sapoti, zile nguzo za kushikilia sehemu zinazoning'inia wakati wa kuchapa, zilipobanduliwa. Hilo halina uhusiano na chapa ya mashine, ndivyo teknolojia ya kuyeyusha uzi wa plastiki na kuupanga tabaka juu ya tabaka ilivyo. Dawa yake unaijua kama umewahi kupita gereji ya magari: puti, msasa wa 120, 240, 400, praima, halafu rudia. Kwa sanamu ya kuuza, muda wa msasa unameza faida yote.

Ila hiki kichwa ukikipeleka kwa fundi wa kusubu, hesabu inageuka. Mafundi wetu wanaosubu alumini kwenye mchanga wanahitaji kitu kimoja: mfano mgumu wa kugandamiza mchangani. Zamani ungeuchonga kwa mbao. Sasa unaigawa sanamu mara mbili kwenye programu, nusu ya fremu ya juu na nusu ya fremu ya chini (zile boksi mbili za mchanga za fundi), unachapa, unapiga puti mara moja, unampelekea. Na utamu uko hapa: alumini ikipoa husinyaa, takriban asilimia 1.3. Ukitaka sanamu ya milimita 200, kwenye programu unaandika 202.6, basi, ni kubonyeza tu. Seremala wa mifano angekuchaji kazi mpya.

Mchanga una mpaka wake lakini. Mfano lazima utoke bila kubomoa ukungu, yaani lile tundu la mchangani linalobaki na umbo lake, kwa hiyo mkono uliozunguka kiuno na kuacha tundu katikati, au ile mitindo ya Kimakonde ya watu waliopandana na kupishana, haitoki. Hapo unahamia kwenye plasta: unauzika mfano mzima ndani ya plasta iliyochanganywa na mchanga, unauchoma kwenye tanuri kupita nyuzi 600 hadi plastiki ya PLA (ndiyo ule uzi wa kuchapia) iishe, kisha unamimina shaba kwenye uwazi uliobaki. Chapa kuta nyembamba na ndani uache wazi kadiri unavyoweza, kwa maana plastiki iliyojaa hutanuka ikipata moto na kupasua plasta. Choma nje, penye hewa.

Kuna walioruka hatua hiyo kabisa. Bathsheba Grossman, mchongaji wa Marekani aliyesomea hisabati Yale, sanamu zake zinachapwa kwa unga wa chuma cha pua: mashine inagundisha unga tabaka kwa tabaka, kazi inaingia tanuri, na chuma kile chenye vitundu kinanyonya shaba iliyoyeyuka. Maumbo yake yamejisokota kiasi kwamba hakuna ukungu wa kuyaachia. Mashine za namna hiyo ni za viwandani, hazikai juu ya meza hii.

Na kwa wale wa "hiyo si sanaa, mashine imefanya": Rodin, mchongaji wa Ufaransa, ile sanamu yake maarufu ya mtu anayewaza aliitengeneza kwanza ikiwa na kama sentimita 70. Ile kubwa iliyoonyeshwa Paris mwaka 1904 ilikuzwa na fundi wake, Henri Lebossé, kwa mashine ya kukuzia. Endeleeni kubishana huko chini, mimi napita.

Mambo ya pwani sasa. PLA huanza kulegea kwenye nyuzi 60 hivi. Acha kazi yako ndani ya gari lililofungwa juani, ukirudi pua imeinama. Uzi nao unanyonya unyevu wa hewa, unaanza kuchapa nywelenywele, kwa hiyo utunze kwenye ndoo yenye mfuniko unaobana pamoja na vile vifuko vya kukaushia. Umeme ukikatika, mashine inaweza kuendelea ilipoishia, lakini bamba likishapoa kazi huweza kubanduka. UPS, ile betri ya kushika umeme ukikatika, ni lazima.

Kuskani kinyago kwa simu, yaani kukipiga picha pande zote ili kupata umbo lake la kuchapa, kunawezekana, ila mpingo mweusi uliong'arishwa unaichanganya kamera. Paka poda nyepesi, skani, futa. Na iwe kazi yako. Ukienda Mwenge, kule kwenye soko la vinyago Dar es Salaam, ukaskani kinyago cha mzee wa watu bila ruhusa yake, huo ni wizi, hata kama hukukibeba.

Kwa hiyo: una karakana na fundi wa kusubu jirani, nunua. Unataka sura ndogo zenye mikunjo ya kope zitoke tayari kwenye mashine, ongeza hela utafute printa ya resini, inayogandisha kimiminika kwa mwanga badala ya kuyeyusha uzi; inachapa kwa tabaka za milimita 0.05 au hata chini ya hapo. Harufu yake ni kali na resini mbichi haifai kugusa ngozi, basi glavu na barakoa vinunue siku hiyo hiyo.